Kitenzi cha Kilatini habere na watoto wake (avoir, haber, haver, avere): maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwanafunzi wa Kifaransa, Kihispania, Kireno au Kiitaliano anayefikiri kwa Kiswahili. Kila jibu linajitosheleza. Jambo likiwa limeshaelezwa, utaelekezwa kwenye swali lake.

## Misingi

1. Habere maana yake nini, na mbona kamusi inaandika habeo?

Maana yake ya msingi ni kushika au kuwa na kitu mkononi, na kutoka hapo ikaja maana ya kumiliki. Warumi walikitumia pia kwa maana ya kumhesabu mtu kuwa fulani, kama tusemavyo "anamchukulia kama ndugu".

Kamusi za Kilatini hazipangi vitenzi kwa kitenzi-jina, yaani umbo la *ku-*. Hupanga kwa nafsi ya kwanza umoja ya wakati uliopo. Kwa hiyo ukitafuta *habere* utakuta maneno manne yaliyofuatana: *habeō* (ninacho), *habēre* (kuwa na), *habuī* (nilikuwa nacho) na *habitum* (umbo la kutendwa). Yashike yote manne, maana kila moja lina uzao wake. *Habuī* ndiyo iliyozaa *hube* ya Kihispania, *houve* ya Kireno na *ebbi* ya Kiitaliano. *Habitum* ndiyo iliyozaa ukoo wa *habitare*, kukaa mahali.

2. Lugha gani zimekirithi, na leo kina sura gani?

Karibu lugha zote zilizozaliwa na Kilatini zimekirithi. Huu hapa wakati uliopo katika lugha nne ambazo wasomaji wengi wa Kiswahili hukutana nazo:

| | Kilatini | Kifaransa | Kihispania | Kireno | Kiitaliano |
|---|---|---|---|---|---|
| ku- | habere | avoir | haber | haver | avere |
| mimi | habeo | ai | he | hei | ho |
| wewe | habes | as | has | hás | hai |
| yeye | habet | a | ha | há | ha |
| sisi | habemus | avons | hemos | havemos | abbiamo |
| ninyi | habetis | avez | habéis | haveis | avete |
| wao | habent | ont | han | hão | hanno |

Usipite mbio. Jedwali hili utalihitaji tena kwenye swali la 8, na aliyelikariri atakuwa amemaliza zaidi ya nusu ya kazi ya wakati ujao.

Ukiangalia umoja, utaona neno limekatwa likabaki silabi moja. Ndiyo kawaida ya neno linalotumika mara mia kwa siku: linachakaa. *Habeo* ilishuka ikawa kitu kama *ayo*, na hapo ndipo zilipotoka *ai*, *he* na *hei*. Kwa Kifaransa *-ēre* yenye mkazo iligeuka *-eir*, kisha *-oir*. Kanuni hiyohiyo imefanya *debere* iwe *devoir*.

3. Kwa nini h imeandikwa na haitamkwi?

Sauti ya *h* ilianza kufifia vinywani mwa watu wa kawaida Warumi wenyewe wangali wanatawala. Hakuna lugha hata moja kati ya hizi iliyoirithi kama sauti. Kinachoonekana leo ni uamuzi wa waandishi tu.

Kihispania cha zamani kiliandika *aver*. Ni katika karne ya 18, baada ya Real Academia Española, chombo kinachosimamia lugha ya Kihispania, kuanzishwa mwaka 1713, ndipo tahajia ya *haber* yenye *h* na *b* ilipoimarishwa ili neno lifanane na mama yake wa Kilatini. Kifaransa hakikujisumbua: *avoir*. Kiitaliano kimefanya jambo la busara zaidi, kwa maoni yetu. Kimeiacha *h* kwenye maumbo manne tu, *ho, hai, ha, hanno*, kwa sababu bila hiyo yangechanganyika na *o* (au), *ai* (kwa, mbele ya nomino za wingi), *a* (kwa) na *anno* (mwaka).

4. Have ya Kiingereza imetoka hapa? Na Ave ya "Ave Maria" je?

Hapana, kwa yote mawili.

*Have* na *habere* zinafanana kama watu wawili waliokutana stendi wamevaa shati moja. Sauti *h* mwanzoni mwa neno la Kiingereza kwa kawaida hulingana na *k* ya Kilatini: *heart* na *cor*, *hundred* na *centum*. Kwa hiyo jamaa wa *have* upande wa Kilatini ni *capere*, kukamata. Jamaa wa *habere* upande wa Kiingereza ni *give*, kutoa.

*Ave* ni salamu ya Kirumi. Haina undugu na *avere* ya Kiitaliano, ambayo ilipoteza *h* yake njiani.

## Kuwa na, na kuwapo

5. Mbona Kihispania na Kireno husema tengo na tenho, si he na hei?

Kwa sababu nafasi ya kumiliki ilichukuliwa na kitenzi kingine, *tenere*, kushika kwa nguvu. Kadiri *habere* kilivyozidi kufanywa kitenzi kisaidizi ndivyo kilivyopungua uzito, mpaka watu wa Rasi ya Iberia wakaona hakitoshi tena kusema "nina nyumba". Leo *he una casa* si Kihispania. Sema *tengo una casa*, na kwa Kireno *tenho uma casa*. Kikatalani nacho kina *tenir*.

Kifaransa na Kiitaliano zimebaki na *j'ai une maison* na *ho una casa*. Hata hivyo, kusini mwa Italia, Napoli kwa mfano, watu husema *tengo* kama Wahispania.

Kosa la kawaida kwa aliyeanza na Kifaransa akahamia Kihispania ni kutafsiri kila *avoir* kwa *haber*. Kabla hujaandika, jiulize swali moja: baada ya kitenzi hiki kuna kitu au kuna kitenzi kingine? Kikiwa kitu, tumia *tener*. Kikiwa kitenzi kingine cha umbo la kutendwa, kama *comido* au *escrito*, tumia *haber*. Kipengele kinachovunja kanuni hii ni *hay* tu (swali la 7).

6. "Nina njaa" na "nina miaka 20": nitumie kuwa au kuwa na?

Hapa Kiswahili kinakubeba, mradi usipitie Kiingereza. Tunasema *nina njaa*, *nina kiu*, *nina usingizi*, *nina miaka 20*. Na wao husema hivyohivyo:

Kifaransa: *j'ai faim, j'ai soif, j'ai sommeil, j'ai 20 ans.*
Kiitaliano: *ho fame, ho sete, ho sonno, ho 20 anni.*
Kihispania: *tengo hambre, tengo sed, tengo sueño, tengo 20 años.*
Kireno: *tenho fome, tenho sede, tenho sono, tenho 20 anos.*

Anayesema *je suis faim* au *je suis 20 ans* karibu kila mara ametafsiri kutoka Kiingereza kichwani. Tafsiri kutoka nyumbani.

Ila ukikanusha kwa Kifaransa, kumbuka kubadilisha kibainishi (neno dogo mbele ya nomino, kama *une*): *j'ai une voiture*, lakini *je n'ai pas de voiture*. *Sina* yetu haidai mabadiliko yoyote kwenye nomino, na ndiyo maana wengi husahau hiyo *de*. *J'ai faim* haina kibainishi, kwa hiyo kanusho lake ni *je n'ai pas faim*, bila *de*.

7. Hay, il y a, há: ndiyo "kuna"?

Ndiyo, na zimejengwa karibu sawa na *kuna* yenyewe. Vunja *kuna*: *ku-* ni mahali, *-na* ni ile ya kuwa na. Mahali panahesabiwa kuwa na kitu. Sasa vunja *il y a*: *il* ni kiwakilishi kisichomtaja mtu, *y* ni "pale", *a* ni "ina". *Hay* ni *ha* iliyoganda pamoja na *y* ya Kihispania cha kale, nayo ilimaanisha "pale". Kikatalani husema *hi ha*. Kireno kimeacha "pale" kikabaki na *há*. Kiitaliano kimekwenda njia nyingine, *c'è* na *ci sono*, kwa kitenzi cha kuwa.

Matumizi haya ni ya kale. Egeria, mwanamke aliyehiji nchi takatifu mwishoni mwa karne ya 4, alipoeleza umbali uliobaki kufika Mlima Sinai alitumia *habebat* pale ambapo sisi tungesema "kulikuwa na kama maili nne".

Linaloharibika mara nyingi ni umoja na wingi. Kwa kuwa "mwenye" kitu ni mahali, kitenzi hakifuati idadi ya vitu. *Kuna mtu* na *kuna watu* ni *kuna* ileile. Vilevile *hay una persona, hay cien personas*. Tatizo huanza wakati uliopita: *había cien personas* ni sahihi, *habían cien personas* inahesabiwa kosa katika Kihispania sanifu ingawa utaisikia sana. Kireno vilevile: *houve problemas*, si *houveram problemas*. Kiitaliano hakimo, kwa sababu chenyewe hufuata idadi: *c'era un problema, c'erano problemi*.

Umbo hili hupima pia muda uliopita: *il y a deux ans* na *há dois anos*, miaka 2 iliyopita. Kihispania hutumia kitenzi cha kufanya: *hace dos años*. Kwa Kireno angalia alama: *há dois anos* ni nyuma, *daqui a dois anos* ni mbele, na hiyo *a* ya pili haina *h* kwa sababu si kitenzi.

## Wakati ujao na masharti

8. Mwisho wa wakati ujao unafananaje na habere?

Haufanani tu. Ndio *habere* yenyewe.

Rudi kwenye jedwali la swali la 2. Chukua *cantar*, kuimba, ubandike *he, has, ha, hemos, habéis, han* bila *h*: *cantaré, cantarás, cantará, cantaremos, cantaréis, cantarán*. Kwenye *habéis* silabi ya kwanza imeanguka. Kifaransa: *chanter* na *ai, as, a, (av)ons, (av)ez, ont* vinatoa *chanterai, chanteras, chantera, chanterons, chanterez, chanteront*. Kiitaliano: *canterò, canterai, canterà, canteremo, canterete, canteranno*. Kireno: *cantarei, cantarás, cantará, cantaremos, cantareis, cantarão*.

Maana ya asili ilikuwa "nina kuimba", yaani nina wajibu huo mbele yangu. Wajibu wa mbele ni jambo lijalo, na baada ya vizazi wajibu ukasahaulika. Kiswahili kimepita barabara ya jirani: *-ta-* ya *nitaimba* ni masalio ya *taka*. Sisi tulijenga wakati ujao kwa kutaka, wao kwa kuwa na.

Ushahidi wa maandishi ni wa zamani. Katika tarihi ya karne ya 7 inayojulikana kwa jina la Fredegar, mfalme anaambiwa *daras*, "utatoa", na hiyo si Kilatini cha shule bali ni *dare habes* iliyokwisha kuungana. Katika Viapo vya Strasbourg vya mwaka 842 tunakuta *salvarai*, nitamsaidia, ambayo Mfaransa wa leo huitambua bila shida.

9. Kilatini kilikuwa na wakati ujao wake. Kwa nini kiliachwa?

Kwa sababu matamshi yaliuharibu. *Amabit* ni "atapenda" na *amavit* ni "alipenda". *B* katikati ya irabu ilipoanza kutamkwa kama *v*, kesho na jana zikawa neno moja. Kundi jingine halikupona pia: *dicit* ni "anasema", *dicet* ni "atasema", na *i* na *e* zisizo na mkazo zikakaribiana hadi sikio likashindwa kuzitenga.

10. Mbona tendré ina d, na haré imepoteza nusu yake?

Mkazo ulihamia kwenye mwisho mpya, na irabu iliyokuwa kabla yake ikabaki dhaifu. Katika vitenzi vinavyotumika sana irabu hiyo ilianguka kabisa. *Tener* na *é* ikawa *tenré*. Sasa jaribu kutamka *n* na *r* zikiwa zimegusana. Ulimi ukitoka *n* kwenda *r* unapita kwenye *d* bila kukusudia. Ndipo *tendré, vendré, pondré*, na kwa Kifaransa *tiendrai, viendrai*. Baada ya *l* hutokea vilevile: *saldré, valdré*, na *voudrai* ya Kifaransa ambayo *l* yake imegeuka *u*. Kiitaliano hakikupenda *d*, kikaimeza *n* ndani ya *r*: *terrò, verrò, rimarrò*.

Kihispania kina mashina 12 ya kukariri: *habr-, sabr-, cabr-, podr-, querr-, tendr-, vendr-, pondr-, saldr-, valdr-, dir-, har-*. Kireno kina matatu tu: *dir-, far-, trar-*. Miisho haibadiliki kamwe. Ukiona mwisho usio wa kawaida kwenye wakati ujao, umesoma vibaya.

11. Kwa Kireno nimekutana na dar-lhe-ei. Ni chapa mbovu?

Siyo. Ni mshono wa swali la 8 unaoonekana kwa macho. *Dar* ni kupa, *lhe* ni yeye anayepewa, *ei* ni "nina". Kiwakilishi kimeingia kati ya kitenzi na *habere* iliyobanwa, kwa sababu zamani hayo yalikuwa maneno mawili. Kihispania cha kale nacho kiliandika *dar lo he*.

Iweke kando ya *nitampa*: *nita-m-pa*. Na sisi tunamweka mpewa katikati, ila vipande vyetu vimepangwa kinyumenyume: *dar* ni *pa*, *lhe* ni *m*, *ei* ni *nita*. Ukisoma *nitampa* kutoka kulia unapata mpangilio wa Kireno. Umbo hili utalikuta zaidi kwenye maandishi rasmi. Kwenye mazungumzo ya Brazil karibu halisikiki.

12. Chanterais, cantaría, canterei: nayo ni habere?

Ndiyo, ila ya wakati uliopita. Kifaransa, Kihispania na Kireno zilibandika *habebam*, "nilikuwa na": *chanterais, cantaría, cantaria*. Kiitaliano cha Toscana kilichagua *habui*, ndiyo maana mwisho wake ni tofauti kabisa: *canterei, canteresti, canterebbe*. Hiyo *-ebbe* ni *ebbe*, "alikuwa nacho", nzima nzima.

Mtego wa Kiitaliano ni herufi moja: *canteremo* ni "tutaimba", *canteremmo* ni "tungeimba". Tamka *m* mbili kwa kuikawiza. Mtego wa Kifaransa ni *chanterai* na *chanterais*. Ukishindwa kuamua, badilisha *je* kwa *nous*. Ikitoka *chanterons*, andika bila *s*. Ikitoka *chanterions*, weka *s*.

13. Kwa nini mwalimu hukata "si j'aurais"?

Hili ni kosa la Kiswahili hasa, na halionyeshwi vya kutosha. Sisi tunaweka *-nge-* pande zote mbili: *ningekuwa na pesa, ningenunua gari*. Mwanafunzi anabeba mizani hiyo na kuandika *si j'aurais de l'argent, j'achèterais une voiture*. Hizi lugha hazikubali masharti pande zote.

Upande wa "kama", Kifaransa huweka wakati uliopita wa kawaida: *si j'avais de l'argent, j'achèterais une voiture*. Kihispania huweka umbo maalumu la uliopita, *si tuviera dinero, compraría un coche*, Kireno *se tivesse dinheiro, compraria um carro*, Kiitaliano *se avessi soldi, comprerei una macchina*. Watoto wa shule Ufaransa hufundishwa *les si n'aiment pas les rais*: *si* haipendi *-rais*. Kanuni inayotosha ni hii: *-nge-* ya kwanza ni jana, *-nge-* ya pili ni masharti.

14. Je, zote zimetumia habere kwa wakati ujao?

Hapana. Kiromania kimetumia kitenzi cha kutaka, *voi cânta*, nitaimba, na hapo kinakaa karibu na *-ta-* yetu kuliko na Kifaransa. Katika mazungumzo, hata hivyo, Mromania husema pia *am să cânt*, na *am* hiyo ni "nina". Kisardinia husema *apo a cantare*, vipande vikiwa mbalimbali hadi leo, *habere* ikitangulia.

## Wakati uliopita

15. "Nina barua iliyoandikwa" iligeukaje "nimeandika barua"?

Mrumi akisema *habeo litteras scriptas* alimaanisha: ninayo barua, nayo imekwisha kuandikwa. Hakusema nani ameiandika. Lakini mwenye barua mara nyingi ndiye mwandishi, basi taratibu sentensi ikaanza kusomwa "mimi nimeiandika". *Scriptas* ikaacha barua ikashikamana na kitenzi.

Gundi ya zamani bado inaonekana. Kifaransa: *j'ai écrit les lettres*, lakini *les lettres que j'ai écrites*. Kitu kikitangulia, umbo la kutendwa linafuata jinsia na idadi yake. Kiitaliano hudai hivyo viwakilishi *lo, la, li, le* vikitangulia: *l'ho vista*, nimemwona (mwanamke), *li ho visti*, nimewaona. Kihispania kimekata gundi yote: *las he visto*, haibadiliki kamwe.

Vitenzi vya kwenda na kuja havimo katika habari hii kwa Kifaransa na Kiitaliano, maana hutumia kitenzi cha kuwa: *je suis allé, sono andato*. Kihispania husema *he ido* na Kiromania *am mers*, kwa *habere* kama vitenzi vingine vyote.

16. He comido, j'ai mangé, tenho comido: nitafsiri kwa -me- au -li-?

Inategemea lugha, na hapa ndipo wanaojua lugha mbili huanguka zaidi.

Kifaransa cha kusemwa: *j'ai mangé* ni *nimekula* na *nilikula* pia. Kiitaliano cha kaskazini kina tabia hiyo.

Kihispania cha sehemu kubwa ya Hispania: *he comido* hukaribia *nimekula*, hasa jambo likiwa la leo, na *comí* ni *nilikula*. Nchi nyingi za Amerika ya Kilatini hutumia *comí* hata kwa la dakika tano zilizopita.

Kireno: *comi* ndiyo *nimekula* na *nilikula*. *Tenho comido* ni kitu kingine kabisa: *nimekuwa nikila* siku hizi, tena na tena. Ukimwambia mwenyeji wa Maputo *tenho comido* baada ya chakula cha mchana ukitaka kusema umeshiba, atasubiri umalizie: umekuwa ukila nini, na tangu lini?

17. Eu ya Kifaransa inatamkwaje?

Kama *u* ya *tu* ya Kifaransa: midomo ya *u*, ulimi wa *i*. Haitamkwi kama *eu* ya *peu*. *J'ai eu* ni silabi mbili tu. Iliandikwa hivyo zamani zilipokuwa irabu mbili kweli. Matamshi yakabadilika, maandishi yakabaki.

## Ndugu wa mbali na makosa ya kuandika

18. Debere, devoir, deber: vinahusianaje?

*Debere* ni *de* pamoja na *habere*: kuwa na kitu kilichotoka kwa mwenyewe, yaani kudaiwa. Umbo lake la kutendwa limezaa *dette* ya Kifaransa, *deuda* ya Kihispania, *dívida* ya Kireno na *debito* ya Kiitaliano. *Deni* yetu haimo humo. Ni ya Kiarabu.

Fungua daftari la hesabu la Kihispania uone safu mbili, *debe* kushoto na *haber* kulia. Mama na mtoto wamekaa ukurasa mmoja wakitazamana. Wareno huandika *deve* na *haver*.

Ndugu wengine walibadili *a* kuwa *i* walipopata kiambishi mbele: *prohibere* (kuzuia), *exhibere* (kutoa hadharani), *inhibere* (kurudisha nyuma). *Malade* ya Kifaransa na *malato* ya Kiitaliano, mgonjwa, ni *male habitus*, mtu aliye katika hali mbaya.

19. Ni makosa gani ya tahajia yanayojirudia?

Kihispania: *haber* na *a ver* ("hebu tuone") hutamkwa sawa. Ukiweza kuongeza "tuone", ni *a ver*. *Haya* ni umbo la *haber*, *halla* ni "anapata", na *allá* ni "kule".

Kifaransa: *a* ni kitenzi, *à* ni "kwa". Jaribu kuweka *avait*. Sentensi ikikubali, ni *a*. Vivyo hivyo *ont* na *on*: jaribu *avaient*.

Kireno: *hei-de* na *há-de* zenye kistari ni za tahajia ya zamani. Makubaliano ya Tahajia ya mwaka 1990 yaliondoa kistari: *hei de*, *há de*.

20. Habeas corpus na habemus papam zina umbo gani?

*Habeas* si amri ya moja kwa moja bali ni umbo kama letu la *-e*: "uwe naye", yaani mlete mtu uliyemshikilia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 25, inaitaja amri ya mahakama yenye jina hilo kati ya haki zisizoweza kuwekewa mipaka. *Habemus* ni wakati uliopo wa kawaida, "tunaye", na ndilo neno lililosikika kutoka roshani ya Vatikani papa mpya alipotangazwa tarehe 8 Mei 2025. Huko *h* haisikiki, kwa kuwa Kilatini cha kanisa hufuata matamshi ya Kiitaliano (swali la 3).

21. Na Krioli za visiwa vya Bahari ya Hindi?

Krioli ya Morisi ina *ena*, ambayo ni masalio ya Kifaransa *il y en a*. Inafanya kazi mbili kwa mpigo: *mo ena de frer*, nina kaka wawili, *ena dilo*, kuna maji. Kanusho lake ni *pena*: *pena dilo*, hakuna maji. Shelisheli husema *annan*. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kueleweshwa, kwa sababu *-na* ya *nina* na *-na* ya *kuna* ni moja.